Kakai Kilonzo na hesabu ya miaka hamsini

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za udi, kanuni na fidla, na huenda wengine wakashangaa kuona leo tumepanda bara mpaka Ukambani, kwenye nchi ya gitaa. Sababu ya safari hiyo ni ya kisheria, na ina tarehe yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya sauti iliyorekodiwa hudumu miaka hamsini, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ule iliporekodiwa. Maana yake ni kwamba santuri yoyote iliyotiwa sauti katika studio za Nairobi mwaka 1976, haki ya sauti hiyo inakwisha tarehe 31 Desemba 2026. Baada ya hapo mtu yeyote aweza kuitoa upya, kuiuza au kuitia katika tangazo la sabuni, bila ya kumwomba ruhusa mwenye kuirekodi wala kumlipa kitu kwa sauti ile.

Na miaka hiyo ya katikati ya 1970 ndiyo hasa miaka ambayo benga ya Wakamba ilisimama kwa miguu yake. Ndipo alipotoka Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Ndipo alipotoka Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na vijana wa Lower Mbooni Boys ambao jina lao lenyewe latwambia walikotoka, milima ya Mbooni, ambayo siku hizi imo katika kaunti ya Makueni. Nasema siku hizi, kwa sababu wakati huo hakukuwa na Makueni. Yote hiyo ilikuwa wilaya ya Machakos mpaka ilipokatwa mwaka 1992. Kitui ilikuwa mbali kivyake, ng'ambo ya mto Athi.

Msomaji wa Mombasa au Malindi aweza kuuliza: hayo yatuhusu nini? Kwanza, hakuna Mpwani aliyepanda basi la Nairobi asiyepita Makueni. Pale Mtito Andei tunaposhuka kunyoosha miguu na kunywa chai, tumo Makueni. Kibwezi ni Makueni, na Makindu vilevile. Pili, ujirani wetu na watu hao ni wa zamani kuliko reli. Misafara ya pembe iliyoteremka Mombasa katika karne iliyopita ile ya kumi na tisa, mingi iliongozwa na Wakamba. Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alijulikana vizuri sana huku Pwani, na mwaka 1849 ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Krapf, mmisionari wa Rabai, alipofika Kitui na kuuona Mlima Kenya kwa mbali. Rabai na Changamwe zina Wakamba wa siku nyingi. Na katika mji wa Kitui kuna Waswahili na kuna misikiti. Hatuendi ugenini.

Sasa tumzungumze mtu mwenyewe. Kakai Kilonzo alizaliwa mwaka 1954 upande wa Kilimambogo, ule mlima unaoonekana ukitoka Thika, na akafariki mwaka 1987. Ukifanya hesabu utaona kwamba hata miaka thelathini na minne hakuitimiza. Katika muda huo mfupi aliweza kufanya jambo ambalo wengi wa rika lake hawakuliweza: kuimba kwa lugha ya kwao na papo hapo kuuza nje ya kwao. Benga wakati ule ilikuwa muziki wa makabila. Mjaluo akinunua ya Kijaluo, Mkikuyu ya Kikikuyu, na Mkamba ya Kikamba. Kakai alitia Kiswahili katika baadhi ya nyimbo zake, na kwa mlango huo akaingia katika nyumba za watu ambao Kikamba hawakukijua hata neno moja. Nyimbo kama "Fundi Mutunga" na "Mama Sofi" zimebaki vinywani hadi leo. Nawajua wazee wa Mombasa, watu wa taarabu tupu, ambao ukiwatajia bendi za bara watakunja uso, lakini ukiwapigia Kakai watatikisa kichwa kidogo, halafu wajifanye wanamfukuza nzi.

Kwa masikio yangu mimi, siri ya muziki ule imo katika gitaa la pili. Gitaa moja hubaki chini, likishika sauti nzito za kuujenga wimbo. Lile jingine hupanda juu likidonoa sauti moja moja kwa kasi, likijaza kila upenyo ulioachwa na besi, ngoma na mwimbaji. Halipigi kelele wala halitaki kusifiwa. Ukilifuata hilo peke yake tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, utasikia kama mtu anayesema maneno yake ya pembeni wakati mwenziwe anahutubia. Aliyezoea kumsikiliza mpiga fidla hodari wa Unguja, jinsi anavyomjibu mwimbaji mwisho wa kila mshororo, kisha akamtangulia kidogo na kumrudia, hatapata taabu kuelewa ninalosema.

Na udugu huo wa gitaa na fidla si wa mafumbo tu. Benga ilizaliwa Nyanza, na wapiga gitaa wa kwanza wa Kijaluo waliigiza katika nyuzi za gitaa mambo waliyoyasikia katika ala mbili za kwao: nyatiti, yenye nyuzi nane zinazodonolewa kwa vidole, na orutu, fidla ya uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde. Kwa hiyo gitaa lile la Kilimambogo, ukilirudisha nyuma hatua mbili tatu, utalikuta mahali pamoja na fidla. Wakamba hawakuiga tu. Walipunguza haraka ya Kijaluo na kuutia mwendo wao wenyewe, mpaka mtu aliyefunga macho aweza kutofautisha benga ya Mbooni na ya Kisumu kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Fidla yetu sisi ilikuja kwa njia nyingine. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Kutoka hapo, kwa kusikiliza santuri za Misri na baadaye filamu na redio ya Cairo, vyama vya Unguja vikakuza safu za fidla, pamoja na sello, besi kubwa na kodiani. Jambo la kuzingatia ni hili: mpiga fidla wa Unguja alikuwa na chama. Palikuwa na nyumba, palikuwa na wakubwa wa kumsahihisha, na ala ilikuwa ya chama hata akiwa hana senti. Kijana aliketi nyuma ya mkubwa wake akimwangalia vidole. Akifa mmoja, safu haikufa. Ikhwani Safaa ilitimiza miaka mia mwaka 2005. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, nayo ingali ipo.

(Najua wako wasomaji ambao kwao suala la ala lina hukumu nyingine, na sina nia ya kuwaingilia wanazuoni katika kazi yao. Mazungumzo yetu hapa ni ya jasho la mtu na haki ya mwenye jasho, na katika hilo sijaona khitilafu.)

Bendi ya benga haikuwa na nyumba kama hiyo. Bendi ilikuwa ni mtu. Gitaa ni lake au la kuazima, vipaza sauti ni vya mwenye baa, na vijana wanaomfuata hugawana kilichopatikana usiku ule. Mtu huyo akifa, bendi huwa na jina bila ya mwenyewe. Wenzake Kakai walijaribu kuendelea, lakini msomaji anajua jinsi mambo hayo yanavyokwenda.

Nipanue kidogo mazungumzo kwa mfano wa mbali. Mpiga fidla aliyepata sifa kuliko karibu wote katika karne ya ishirini alikuwa Yehudi Menuhin, Myahudi aliyezaliwa New York mwaka 1916 na kufariki Berlin mwaka 1999. Akiwa na umri wa miaka saba alikwishapiga mbele ya okestra ya San Francisco. Mwezi wa Aprili 1929, kabla hajatimiza miaka kumi na mitatu, alisimama Berlin na kupiga usiku mmoja kazi tatu kubwa za Bach, Beethoven na Brahms. Mwaka 1932, kijana wa miaka kumi na sita, alirekodi London kazi ya Elgar, na Elgar mwenyewe, mzee wa miaka sabini na mitano, ndiye aliyeongoza okestra. Rekodi hiyo inauzwa hadi leo.

Watu husema: kipaji. Kipaji kilikuwapo, hapana shaka. Lakini tazama na vilivyokizunguka. Alipata mwalimu mzuri angali mtoto mdogo. Alipata tajiri wa San Francisco aliyewalipia yeye na jamaa yake gharama ya kwenda Ulaya kusoma. Akapata tajiri mwingine aliyempa fidla ya Stradivarius, kitu ambacho mwanamuziki wa kawaida hawezi kukinunua hata akipiga maisha yake yote. Na kila alichokirekodi kiliandikwa katika vitabu vya kampuni, kwa mkataba na tarehe. Menuhin mwenyewe aliufahamu uzito wa mambo hayo, ndiyo maana mwaka 1963 akafungua shule Uingereza ya watoto wenye vipaji vya nyuzi, ili wasingojee bahati kama aliyoipata yeye.

Wasomaji wetu watapenda kujua mambo mawili zaidi juu ya mtu huyo, ingawa yanatutoa njiani kidogo. Mwaka 1950 alipozuru Afrika Kusini hakuridhika kuwapigia wazungu peke yao. Alikwenda Sophiatown akawapigia weusi katika kanisa la padri Trevor Huddleston, yule yule aliyekuja baadaye kuwa askofu Masasi, Tanganyika. Na mwaka 1991, alipoitwa katika bunge la Israel kupokea tuzo ya Wolf, alisimama mbele ya wakubwa wa dola hiyo na kuwalaumu waziwazi kwa jinsi wanavyowatawala Wapalestina. Baba yake, Moshe, alikwishakuandika kitabu kizima cha kuupinga Uzayuni mwaka 1965. Basi, fidla haikumfunga mdomo.

Nirudi Ukambani. Sifananishi kazi ya Kakai na ya Menuhin. Huo ungekuwa upuuzi, kama kushindanisha jahazi na treni. Ninachofananisha ni kilichobaki baada yao. Mmoja alikufa na miaka themanini na miwili akiacha shule, mikataba na kabati za kanda zilizohifadhiwa. Mwingine alikufa kijana, katika biashara ambayo haikuwa na desturi ya kuweka karatasi.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Santuri zilikuwa ndogo, za wimbo mmoja kila upande, au wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Watayarishaji wengi walikuwa na maduka yao River Road, Nairobi, na huku kwetu Assanand wa Mombasa alikuwa na nembo yake ya Mzuri. Mwanamuziki aliingia studio asubuhi, akatoka jioni na pesa mkononi. Mara nyingi pesa hizo ndizo zilikuwa mwanzo na mwisho. Wako waliopewa fungu kwa kila santuri iliyouzwa, lakini hesabu ya zilizouzwa ilikuwa kwa mwenye duka. Kisha katika miaka ya 1980 zikaja kaseti, na kila mwenye mashine mbili akawa mtayarishaji. Mwisho wa miaka hiyo santuri zilikuwa zimekufa kabisa nchini. Kakai alifariki katikati ya msiba huo, wakati jina lake liko juu na soko lake linaibwa mchana kweupe.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa kwamba robo tatu ya muziki inaoupiga uwe wa humu nchini. Amri hiyo haikudumu; kelele zilipozidi iliondolewa upesi. Mwaka 1983 ikaanzishwa jumuiya ya kukusanya haki za watunzi, MCSK, na mabishano kuhusu nani anakusanya na nani analipwa yameendelea tangu wakati huo, yakiingia mahakamani na kutoka. Siyarudii hapa, msomaji ameyasoma vya kutosha katika kurasa za mbele.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya, na katika maduka ya Wote na Kitui nilikutana na mchanganyiko huo huo. Wimbo una haki mbili. Ya kwanza ni ya sauti iliyorekodiwa, ambayo kwa kawaida ni mali ya mtayarishaji. Hiyo ndiyo inayokwisha baada ya miaka hamsini ya kurekodiwa. Ya pili ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, nayo ni ya mtunzi na warithi wake, isipokuwa kama aliiuza kwa maandishi. Haki hii ya pili hudumu maisha yake yote na miaka hamsini zaidi, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Kakai alifariki 1987. Kwa hiyo nyimbo alizozitunga zina mwenyewe mpaka tarehe 31 Desemba 2037. Atakayeitoa upya santuri ya 1976 mwaka 2027 huenda asidaiwe na mtayarishaji, lakini ya mtunzi bado anadaiwa. Sharti ni kuwa na mtu wa kudai, mwenye karatasi mkononi, anayejua kwamba ana haki ya kudai.

Hapo ndipo penye hatari. Vijana wa maduka ya simu wa Kitui watakujazia nyimbo mia mbili katika fleshi kwa bei ya sahani ya wali, za zamani na za jana, na katika orodha utakuta jina la mwimbaji limekosewa na la mtunzi halipo kabisa. Siwalaumu, wao wanauza wanachoulizwa, na kama si wao huenda nyimbo nyingine zingekwishapotea. Nilimwuliza mmoja ni nani aliyepiga gitaa katika wimbo aliokuwa akiupiga kwa sauti mpaka barabarani. Akanitazama kama niliyemwuliza nani aliyeshona shati la rais.

Redio za Kikamba, Musyi, Mbaitu, Athiani na wenzao, zimeufanyia muziki huu jambo kubwa. Zimewafanya vijana wa leo kama Ken wa Maria wajulikane bila ya kupitia Nairobi kuomba nafasi, na za zamani nazo zina saa zao. Hata hivyo redio hupiga. Kuhifadhi si kazi yake. Kazi ya kuhifadhi imefanywa na wachache. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 kitabu na nyimbo za kuifuatilia benga tangu chimbuko lake. Kampuni moja ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Kakai na kuzitoa huko Ulaya. Ni aibu, lakini ni aibu tuliyoizoea: hata sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, mara nyingi wageni wameitafuta kwa bidii kuliko sisi.

Katiba ya mwaka 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya shughuli za utamaduni. Imeandikwa wazi katika Jedwali la Nne. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, nayo inazitaka kaunti ziweke daftari. Lakini benga si jadi kwa maana ya sheria hiyo. Ni kazi za watu wenye majina, na hivyo huanguka katikati ya viti viwili. Daftari la ngoma za kilumi lisemwe liwepo, vyema. Nani ataandika daftari la santuri za Mbooni: jina la wimbo, aliyetunga, waliopiga, mwaka, nambari ya santuri, mrithi ni nani na anapatikana wapi? Hiyo si kazi ya mamilioni. Watu wawili, meza, simu na miezi sita. Wazee waliopiga besi na ngoma katika bendi hizo sasa wana miaka sabini na kitu, na kila mwaka wanapungua.

Upande wa shule pia kuna nafasi ambayo haikuwapo. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2017 umegawa sekondari ya juu katika njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo. Katika karatasi, mtoto wa Mutomo au Kibwezi aweza kuchagua muziki kama mwenziwe anavyochagua fizikia. Katika darasa mambo ni mengine. Muziki ulikuwa umeachwa nyuma kwa miaka mingi shuleni, walimu wake ni haba, na shule za kutwa za Kitui zinazohangaikia maji hazitanunua fidla. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewapa watoto jukwaa kila mwaka, lakini mtoto hawi mpiga ala kwa kufanya mazoezi mwezi mmoja kabla ya mashindano. Chuo cha muziki cha Unguja, kilichofunguliwa 2002 katika jengo la zamani la forodha, kilionyesha njia nyepesi: waliobobea wa vyama vya taarabu wakaitwa kuwafunza watoto kanuni, udi na fidla kwa mikono yao. Nacho kimepata taabu ya fedha mara kwa mara, sitaki kukipamba. Lakini walimu walipatikana hapo hapo mtaani.

Ukambani nao wapo. Gitaa la pili la Kilimambogo halikuandikwa popote kwa nota, limo katika vidole vya watu. Kaunti ikimlipa mzee mmoja akae na watoto kumi Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa Wote, itakuwa imefanya zaidi ya yote yaliyosemwa katika hotuba za siku za utamaduni nilizowahi kuhudhuria, nami nimehudhuria nyingi.

Wakati huo huo kalenda haingoji. Za 1976 zinakwisha Desemba 2026. Za 1977 zinafuata mwisho wa 2027, za 1978 mwisho wa 2028, na kuendelea hivyo mwaka hata mwaka mpaka tufike zile za mwisho za Kakai. Aliye na santuri ya Kiukambani ya miaka hiyo ndani ya sanduku, iwe Mombasa au Mbooni, na asome kijikaratasi kilichobandikwa katikati, anakili majina na nambari, kabla mchwa hajakifikia.